Uzi: Namna mgandamizo wa ardhi unavyobana njia za gesi ndani ya mwamba wa sheili

Tabaka la Chini (mleta uzi):

Wanajukwaa, salaam.

Visima vya gesi ya sheili vya Marekani vina tabia moja inayowasumbua wawekezaji na wahandisi kwa pamoja: huanza kwa kishindo, kisha vingi hupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko wao kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba gesi iliyo karibu imekwisha. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaacha nje jambo ambalo ndilo nililokusudia kulileta hapa, nalo ni kwamba mwamba wa sheili haukai kimya wakati gesi inapotolewa. Kadiri shinikizo la gesi linavyoshuka ndani yake, uzito wa ardhi iliyo juu unazidi kuuelemea, na njia ambazo gesi inazitumia kufika kisimani zinazidi kuwa nyembamba.

Tuanze na mwamba wenyewe. Sheili ni tope laini na udongo mfinyanzi uliotuama katika bahari au maziwa ya kale, ukafukiwa, ukashindiliwa tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka, pamoja na mabaki ya viumbe ambayo joto liliyageuza kuwa mafuta na gesi. Vinyweleo vyake hupimwa kwa nanomita, vingi vikiwa kati ya nanomita chache na nanomita mia moja hivi. Molekuli ya methani ina kipenyo cha takribani nanomita 0.38, kwa hiyo katika vinyweleo vidogo zaidi gesi inapita mahali ambapo molekuli chache tu zinaweza kusimama sambamba.

Uwezo wa mwamba kupitisha kimiminika au gesi huitwa upenyevu, na kipimo chake, darsi, kimepewa jina la Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyechapisha mwaka 1856 majaribio yake ya kupitisha maji katika safu za mchanga mjini Dijon. Jiwe la mchanga linalotoa gesi bila taabu linaweza kuwa na upenyevu wa milidarsi 100. Sheili inayozalisha gesi ya kibiashara inaweza kuwa na nanodarsi 100, na wakati mwingine chini ya 10. Kati ya milidarsi 100 na nanodarsi 100 kuna tofauti ya mara milioni moja. Ndiyo maana hakuna gesi ya maana inayotoka katika sheili mpaka mwamba upasuliwe kwa maji yenye shinikizo kubwa, na nyufa zilizofunguka zijazwe mchanga ili zisijifunge.

Sasa mgandamizo. Karl Terzaghi, alipokuwa akifundisha Istanbul miaka ya 1910 na 1920, aligundua kwamba udongo uliojaa maji hausikii uzito wote ulio juu yake. Sehemu ya uzito huo hubebwa na maji yaliyomo katika vinyweleo, na kinachobaki ndicho kinachobana chembe za udongo zenyewe. Kiasi hicho kinachobaki nitakiita mgandamizo halisi. Mwaka 1941 Maurice Biot aliipanua hoja hiyo ili ifae pia miamba migumu, kwa kuingiza kizidisho ambacho kwa kawaida huwa chini ya 1. Kwa ufupi, mgandamizo halisi ni mgandamizo wote ukitoa shinikizo la gesi lililozidishwa kwa kizidisho hicho. Uzito wa ardhi haubadiliki tunapochimba kisima. Shinikizo la gesi hubadilika, kwa sababu kulishusha ndiyo njia yenyewe ya kuifanya gesi itoke.

Mfano wa kwanza ni Barnett, karibu na Fort Worth huko Texas, ambako kampuni ya George Mitchell ilianza kuchimba mwaka 1981 na kupata njia nafuu ya kupasua mwamba mwishoni mwa miaka ya 1990. Chukua kina cha mita 2,300. Kila mita ya ardhi huongeza takribani kilopaskali 23, kwa hiyo uzito wa juu ni kama megapaskali 53 (megapaskali moja ni kilopaskali 1,000). Shinikizo la gesi hapo mwanzo ni kama megapaskali 27. Tukikichukua kizidisho kuwa 1 kwa urahisi wa hesabu, mwamba unabanwa kwa megapaskali 26. Gesi ikitolewa hadi shinikizo likabaki megapaskali 7, mwamba utabanwa kwa megapaskali 46. Nyongeza ni 20.

Mfano wa pili ni Haynesville, mpakani mwa Louisiana na Texas, uliovuma mwaka 2008. Huko mwamba uko chini zaidi, una joto kali, na gesi yake iko chini ya shinikizo kubwa isivyo kawaida, karibu mara mbili ya shinikizo la safu ya maji yenye kina hicho hicho. Kwa mita 3,500, uzito wa juu ni kama megapaskali 80 na gesi inasukuma kwa kama megapaskali 70, kwa hiyo mwanzoni mwamba unabanwa kwa megapaskali 10 tu. Gesi ndiyo inayoubeba mlima. Shusha shinikizo hadi megapaskali 20, na mwamba unajikuta unabanwa kwa megapaskali 60. Nyongeza ni 50.

Majaribio mengi ya maabara yanaonyesha kwamba upenyevu wa sheili hupungua kwa kanuni ya kipeo: kila megapaskali moja inayoongezeka hukata asilimia fulani ya upenyevu uliobaki. Tukichukua, kwa mfano tu, kasi ya asilimia 3 kwa kila megapaskali, mwamba wa Barnett utabaki na kama asilimia 55 ya upenyevu wake wa mwanzo, na ule wa Haynesville utabaki na asilimia 22. Kasi niliyoitumia ni moja kwa miamba yote miwili. Kilichotofautiana ni shinikizo la kuanzia. Hoja yangu kuu ndiyo hiyo: shinikizo kubwa la mwanzo, ambalo hutangazwa kama utajiri wa kisima, ni deni pia, na namna ya kulilipa inategemea mwendo ambao mwendeshaji anauchagua tangu siku za kwanza.

Kwa nini upungufu ni mkubwa kiasi hicho, wakati mwamba wenyewe haupungui unene kwa kiasi cha kuonekana? Ni kwa sababu njia za gesi katika sheili ni nyembamba na bapa, na mtiririko ndani ya njia bapa hutegemea upana wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ufa ukipungua upana kwa asilimia 20, mtiririko wake hushuka hadi karibu nusu. Ukipungua nusu, mtiririko hubaki sehemu moja ya nane.

Mdadisi Tu:

Mkuu, ahsante kwa uzi ulioshiba. Nina swali la mtu asiye wa fani. Hiyo asilimia 3 kwa megapaskali inapatikanaje? Mtu anawezaje kupima gesi inayopita katika kitu ambacho kwa macho ni jiwe lisilo na tundu?

Tabaka la Chini:

Swali zuri, ndugu, na jibu lake ni refu kidogo kwa sababu nusu ya mabishano ya fani hii yanatokana na vipimo.

Kipande cha mwamba chenye umbo la silinda, kipenyo chake sentimita mbili na nusu au karibu nne, huvikwa mfuko wa mpira na kuingizwa katika chombo cha chuma. Mafuta yanayozunguka mfuko husukumwa ili yauige uzito wa ardhi, na gesi huingizwa kwa upande mmoja wa kipande. Kwa jiwe la mchanga ungesubiri mtiririko utulie kisha ukaupima. Kwa sheili ungesubiri mno, na kiasi kinachopita ni kidogo kiasi kwamba uvujaji wa viungo vya mabomba unaweza kukipita. Kwa hiyo hutumiwa njia ambayo Brace na wenzake waliieleza mwaka 1968 walipokuwa wakipima graniti: unaongeza shinikizo ghafla upande mmoja, kisha unaangalia linavyofifia polepole kuelekea upande wa pili. Mwendo wa kufifia ndio unaotoa upenyevu. Baada ya hapo unaongeza mgandamizo wa nje, unarudia, na tena, mpaka upate mstari wa kushuka.

Mitego ni mingi. Kipande kilichotolewa kilomita tatu chini ya ardhi hupanuka kikifika juu na kupata nyufa ndogo ambazo hazikuwapo kule chini. Ukikibana kwa mara ya kwanza, nyufa hizo hujifunga na upenyevu unaporomoka, nawe unaweza kudhani umegundua tabia ya mwamba kumbe umepima jeraha la uchimbaji. Watafiti waangalifu hukibana na kukiachia mara kadhaa kabla ya kuyaamini matokeo. Kukausha sampuli pia huufanya mwamba uonekane mwepesi wa kupitisha gesi kuliko ulivyo, kwa kuwa maji yaliyokuwa yameziba baadhi ya vinyweleo yameondolewa.

Kisha kuna njia ya kusaga mwamba na kupima gesi inavyoingia katika chembe zake. Ni ya haraka na nafuu, na makampuni yameitumia sana. Lakini chembe iliyosagwa haibanwi na chochote. Kwa mtu anayetaka kujua athari ya mgandamizo, namba hiyo haisemi lolote, na bado utaikuta katika ripoti ikilinganishwa na vipimo vya chini ya mgandamizo kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi huwa naruka safu hiyo ya jedwali.

Jambo la mwisho: maabara nyingi huongeza mgandamizo wa nje huku zikiliacha shinikizo la gesi lilivyo, kwa sababu ni rahisi. Kisimani kinachotokea ni kinyume, uzito wa nje unabaki na gesi ndiyo inayopungua. Kama kizidisho kingekuwa 1, njia hizo mbili zingetoa jibu moja. Heller, Vermylen na Zoback wa Stanford walipima sampuli za Barnett, Eagle Ford, Marcellus na Montney, wakachapisha mwaka 2014 kwamba upenyevu uliathirika zaidi na mabadiliko ya mgandamizo wa nje kuliko mabadiliko yanayolingana ya shinikizo la gesi. Maana yake, anayechukua mstari wa maabara na kuupeleka kisimani bila kuurekebisha huwa anatia chumvi.

Mama Jiolojia:

Mleta uzi, heko kwa maelezo. Naomba niongeze jambo ambalo hesabu yako ya Haynesville imelipita juu juu, na ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Umehesabu mgandamizo wa wima peke yake. Mwamba unabanwa pia kutoka pembeni, na mgandamizo wa pembeni haubaki ulivyo gesi inapotolewa. Mwamba ukipoteza shinikizo hutaka kusinyaa pande zote. Kwa wima unaweza, kwa kuwa ardhi ya juu itaufuata chini. Kwa pembeni umeshikwa na miamba jirani, kwa hiyo badala ya kusinyaa unapunguza nguvu ya kuwasukuma jirani zake. Kwa mwamba wenye uwiano wa Poisson (kipimo cha namna mwamba unavyotanuka pembeni ukibanwa kwa wima) wa 0.25 na kizidisho cha 1, mgandamizo wa pembeni hushuka kwa theluthi mbili ya upungufu wa shinikizo la gesi. Katika mfano wako gesi imeshuka megapaskali 50. Mgandamizo wa pembeni utashuka kama 33, na mgandamizo halisi wa pembeni utaongezeka kama 17 tu badala ya 50. Kwa kasi yako ile ile ya asilimia 3, njia inayobanwa kutoka pembeni itabaki na asilimia 60 ya upenyevu wake.

Sasa tuulize nyufa zenyewe zimekaaje. Hubbert na Willis walionyesha mwaka 1957 kwamba ufa wa kupasuliwa kwa maji hufunguka kuelekea upande ambao mgandamizo ni mdogo zaidi, na katika vina hivi upande huo kwa kawaida ni wa pembeni. Ufa basi husimama wima, na kinachoufunga ni mgandamizo wa pembeni. Nyufa ndogo zilizolala kati ya tabaka za sheili hufungwa na mgandamizo wa wima. Fikirieni mikeka mingi iliyopangwa moja juu ya mwingine: ukiisukuma kwa pembeni nafasi kati yao hazibadiliki sana, lakini ukiikalia zote zinatoweka. Kwa hiyo swali la mgandamizo unaathiri upenyevu kwa kiasi gani halina jibu moja kwa mwamba mmoja. Inategemea njia gani ndiyo inayobeba gesi.

Tabaka la Chini:

Mama, shikamoo, na ahsante sana. Umeuweka uzi mahali pake.

Nitaongeza upande wa muda, kwa sababu hapo ndipo hoja yako na yangu zinapokutana. Huo unafuu wa theluthi mbili unapatikana pale mwamba wote wa jirani unapopoteza shinikizo. Katika mwamba wa nanodarsi, shinikizo husafiri kwa mwendo wa kobe. Ndani ya ufa wenye mchanga hali ni tofauti kabisa: ufa umeungana na kisima moja kwa moja, na mwendeshaji akifungua vali kwa nguvu, shinikizo ndani ya ufa linaweza kuporomoka kwa siku chache, wakati mwamba wa pande zote mbili bado umejaa gesi na bado unasukuma kwa nguvu yake ya mwanzo. Katika kipindi hicho ufa haupati unafuu wowote wa maana. Unabanwa karibu kwa tofauti yote kati ya mgandamizo wa pembeni wa mwanzo na shinikizo jipya la kisima.

Tuseme mgandamizo wa pembeni katika kina chetu cha Haynesville ni megapaskali 74, na shinikizo la chini ya kisima limeshushwa hadi 20. Mchanga ulio ndani ya ufa unabeba megapaskali 54. Mchanga wa kawaida wa kwatsi huanza kupondeka kwa wingi kwenye megapaskali 40 hivi, na unga wake huziba nafasi zilizobaki kati ya chembe nzima. Vidonge vya kauri hustahimili zaidi, lakini bei yake ni ya juu zaidi. Hata chembe isiyopondeka inaweza kuzama katika kuta za ufa kama kuta zina udongo mfinyanzi mwingi, kwa sababu sheili ya namna hiyo hubonyea polepole kwa wiki na miezi hata mzigo usipoongezeka.

Na hayo hayarudi nyuma. Ukifunga kisima, shinikizo linapanda na mgandamizo unapungua, lakini mchanga uliopondeka haurudi kuwa chembe, na uliozama hauchomozi. Hata maabara inaonyesha vivyo hivyo kwa mwamba usio na mchanga: mstari wa kuachia hupita chini ya mstari wa kubana. Kisima kilichoumizwa katika mwezi wa kwanza hubaki na jeraha hilo miaka yote.

Kisima Kirefu:

Nimefuatilia kwa makini, na nina pingamizi. Mgandamizo umegeuzwa kuwa mshitakiwa wa kila kosa. Chukua mwamba wa kufikirika ambao haubonyei hata kidogo. Upasue, ufungue kisima kwa shinikizo lisilobadilika, na gesi itiririke kutoka kwenye mwamba kuingia katika nyufa sambamba. Hesabu inasema mtiririko utashuka kwa kinyume cha kipeuo cha pili cha muda: mwezi wa 4 utapata nusu ya ulichopata mwezi wa 1, mwezi wa 9 theluthi, mwezi wa 16 robo. Huo ndio mporomoko maarufu wa visima vya sheili, na hakuna mgandamizo ndani yake. Gesi ya karibu inatoka kwanza, ya mbali inafuata kwa safari ndefu. Je, tunahitaji maelezo ya pili?

Tabaka la Chini:

Mkuu, pingamizi lako ni la haki, na laiti wauzaji wa programu za uigaji wangelisema mara nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya mporomoko wa mwaka wa kwanza ni hiyo hiyo uliyoieleza, na ingekuwapo hata kama mwamba ungekuwa wa chuma.

Hata hivyo tusiruke kutoka hapo hadi kusema mgandamizo haupo. Kuna jambo la kihesabu ambalo huwashangaza wengi: hata kama upenyevu unategemea shinikizo, mradi unategemea shinikizo peke yake na kisima kinaendeshwa kwa shinikizo lisilobadilika, mtiririko bado utashuka kwa kanuni ile ile ya kipeuo cha pili cha muda. Mstari ulionyooka ambao wahandisi huuchora kwa kanuni hiyo unabaki umenyooka. Kinachobadilika ni kimo chake tu: kisima kinatoa kidogo kuliko ambavyo kingetoa, kwa uwiano ule ule tangu mwanzo, na anayeusoma mstari huo atasema mwamba una upenyevu mdogo au nyufa ni chache, bila kujua kwamba mgandamizo umekwisha kula sehemu yake. Kwa hiyo umbo la mporomoko haliwezi kumtia hatiani mgandamizo, wala kumwachilia.

Ushahidi lazima utoke kwingine: vipimo vya maabara vilivyorekebishwa kama nilivyosema, au visima viwili vya jirani vilivyopasuliwa kwa namna moja na kuendeshwa kwa mashinikizo tofauti, au kisima kimoja kilichobadilishiwa shinikizo kikajibu kwa namna ambayo mwamba mgumu usingejibu. Na pale ambapo mchanga unazama kadiri siku zinavyopita, kanuni ya kipeuo cha pili yenyewe huvunjika, kwa kuwa upenyevu wa ufa sasa unategemea muda pia. Mstari ukianza kupinda mapema kabla nyufa za jirani hazijaanza kugombea gesi, hapo nashuku kubonyea.

Mdadisi Tu:

Nimesoma mahali kwamba shinikizo likishuka upenyevu wa sheili huongezeka, kwa sababu gesi huteleza. Sasa huongezeka au hupungua?

Tabaka la Chini:

Vyote viwili, ndugu, lakini si kwa wakati mmoja wala kwa nguvu sawa.

Klinkenberg alieleza mwaka 1941 kwamba gesi inayopita katika njia nyembamba haishikwi na kuta kama maji yanavyoshikwa. Molekuli zikiwa mbalimbali kiasi kwamba zinagonga ukuta mara nyingi kuliko zinavyogongana, mtiririko huwa mkubwa kuliko kanuni ya Darcy inavyotabiri. Kwa methani katika joto la mwamba, umbali ambao molekuli husafiri kabla ya kugongana na nyingine ni kama robo ya nanomita kwenye megapaskali 30, na kama nanomita mbili na nusu kwenye megapaskali 3. Katika kinyweleo cha nanomita 10, umbali wa kwanza ni mdogo mno kuleta tofauti kubwa, ule wa pili ni robo ya kipenyo na hauwezi kupuuzwa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: shinikizo likishuka kutoka kiwango cha juu, mgandamizo ndio unaotawala na upenyevu unapungua. Likiendelea kushuka hadi megapaskali chache, mteleko unaamka na kurudisha sehemu ya kilichopotea. Baadhi ya gesi iliyokuwa imenata juu ya mabaki ya viumbe nayo huachia, na mwamba husinyaa kidogo pale ilipotoka, jambo ambalo katika makaa ya mawe hufungua nyufa kwa kiasi cha kuonekana lakini katika sheili ni dogo zaidi. Mteleko huo ni rehema ya uzee wa kisima. Katika Haynesville ya mwaka wa kwanza bado haujafika, na tena hausaidii chochote ndani ya ufa wenye mchanga, ambako nafasi ni kubwa mno kwa molekuli kuteleza namna hiyo.

Msomaji wa Pwani:

Wakuu, haya yanahusu gesi yetu ya Mtwara na Songo Songo?

Mama Jiolojia:

Kwa sehemu ndogo tu, mwanangu. Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay ya Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982, gesi yake imo katika mawe ya mchanga. Hayahitaji kupasuliwa kwa mtindo wa Texas, na njia zake ni pana kiasi kwamba mgandamizo ukiongezeka upenyevu hupungua bila kuua kisima. Sheili ipo pia katika mabonde hayo, ila kazi yake ni kuwa kifuniko cha gesi na, kwa baadhi yake, chimbuko. Kanuni ya mgandamizo halisi inafanya kazi popote: kule Groningen, Uholanzi, jiwe la mchanga lilipopoteza shinikizo lilisinyaa, ardhi ikatitia na matetemeko yakafuata, mpaka uzalishaji ukasimamishwa mwaka 2023. Lakini hilo ni suala la ardhi kusinyaa. Mtiririko wa gesi yenyewe kule haukuwa tatizo.

Kisima Kirefu:

Nakubali hoja ya ufa na mchanga. Basi tuje kwenye utendaji. Ungekuwa wewe mwendeshaji wa kisima cha Haynesville, ungefungua vali kiasi gani? Fedha ya leo si sawa na ya miaka mitano ijayo, na mwenye benki hataki kusikia habari za mchanga kuzama.

Tabaka la Chini:

Mkuu, hapo ndipo waendeshaji walipogawanyika, hasa kuanzia mwaka 2010 hivi, pale baadhi yao katika Haynesville walipoanza kutumia tundu dogo la vali kwa makusudi na kukubali mtiririko mdogo wa mwanzo ili kisima kishuke polepole. Waliowapinga walitoa hoja yako hiyo hiyo: gesi inayocheleweshwa ina thamani ndogo, na kisima kilichobanwa lazima kionyeshe mporomoko mpole, kwa hiyo upole huo si ushahidi wa kwamba mwamba umelindwa. Hoja ya pili ni sahihi. Kulinganisha mikunjo ya mtiririko peke yake hakutoshi. Lazima kulinganisha gesi yote iliyotoka dhidi ya shinikizo lililotumika kuitoa.

Msimamo wangu ni huu. Katika mwamba kama Barnett, wenye kwatsi nyingi sehemu kubwa na shinikizo la kawaida, sioni sababu ya kujizuia sana. Mgandamizo ulianza juu na hauna pa kupanda mbali. Katika Haynesville ningejizuia, lakini nisingeutazama mtiririko. Ningetazama shinikizo la chini ya kisima, na kuhakikisha halishuki kwa kishindo katika miezi ya kwanza, wakati mwamba wa pembeni bado haujapunguza msukumo wake juu ya ufa. Vali ningeifungua hatua kwa hatua kadiri mwamba unavyotoa gesi na mgandamizo wa pembeni unavyolegea, kwa sababu kila mwezi unaopita mchanga unaweza kustahimili shinikizo la kisima lililo chini kidogo kuliko mwezi uliotangulia.

Na benki ningeipa hesabu mbili badala ya moja: ya kisima chenye mchanga wa kawaida kinachoendeshwa taratibu, na ya kisima chenye vidonge vya kauri kinachofunguliwa mapema. Tofauti ya bei ya vidonge hivyo ndiyo gharama ya haraka, na inaweza kuandikwa kwa dola. Bei ya gesi ikiwa juu, haraka inaweza kushinda. Ikiwa chini, kauri hailipi, na anayetaka kutumia mchanga wa bei nafuu kwenye kina cha mita 3,500 itambidi akubali pia mwendo unaoufaa mchanga huo.

Mama Jiolojia:

Ongeza na kisima cha jirani, mleta uzi. Ukikifungua cha kwanza mpaka mgandamizo wa pembeni ukashuka kukizunguka, ukija kupasua cha pili kando yake baada ya miaka miwili, nyufa mpya zitaelekea upande uliolegea, yaani kule ambako gesi imekwisha kutolewa. Kwa hiyo hesabu ya benki isiwe ya kisima kimoja. Iwe ya eneo zima, na mpangilio wa lini kipi kinapasuliwa uamuliwe kabla ya vali ya kwanza kuguswa.